Taichi na taekkyeon: maswali ya anayeanza ukubwani

Taichi ni ya kupigana au ya afya?

Yote mawili. Ilikulia kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan nchini China, kama sanaa ya mapigano. Mfululizo wa mikao 24 wanaofundishwa wengi leo uliandaliwa na mamlaka ya michezo ya China mwaka 1956, kwa kufupisha ule mrefu wa ukoo wa Yang, mojawapo ya koo zilizorithishana taichi. Huchukua kama dakika 5 au 6.

Inasaidia nini hasa?

Ushahidi ulio imara zaidi ni wa kuwazuia wazee wasianguke na wa kupunguza maumivu ya goti lililolika gegedu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulihusu wagonjwa 195 wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kuyumba. Waliofanya taichi saa 1, mara 2 kwa wiki, kwa wiki 24, walisimama imara kuliko wenzao waliofanya mazoezi ya misuli au ya kunyoosha viungo.

Siri ni kwamba taichi hufanywa polepole. Ukitembea haraka, kasi yenyewe hukubeba. Ukienda polepole, mguu mmoja uliokunjwa goti hubeba mwili mzima, na misuli ya paja na kifundo hulazimika kufanya kazi muda wote.

Nianzie wapi?

Usianze na mikono. Anza na kutembea.

Simama nyayo zikiwa sambamba, upana wa mabega, magoti yamelegea. Hamishia uzito wote mguu wa kushoto hadi wa kulia uwe mtupu. Weka kisigino cha kulia mbele, sentimita 10 hadi 20 pembeni ya mstari wa kisigino cha kushoto. Visigino vikikaa mstari mmoja utayumba. Laza unyayo kwanza, kisha ndipo usogeze uzito, kiasi cha asilimia 70. Mguu ukitua kwa kishindo, hatua ni ndefu mno. Ifupishe.

Mbona magoti yanauma tangu nianze?

Hili ndilo linalowakatisha wengi tamaa, na mara nyingi kosa ni la mkao. Goti ni kama bawaba: limeumbwa kukunja na kunyoosha. Kugeuka ni kazi ya nyonga. Ukizungusha unyayo huku umeukalia kwa uzito wote, msokoto unaishia gotini. Rudisha uzito nyuma kwanza, geuza unyayo, kisha usonge.

Angalia pia goti lisiangukie ndani. Lielekee kidole cha pili cha mguu, wala lisipite ncha za vidole. Usichuchumae sana, walimu wanaokaa chini wamefanya hivyo miaka mingi. Vaa viatu vyenye soli bapa na nyembamba, kwani soli nene za kukimbilia hung'ang'ania sakafu. Goti likivimba, pumzika na umwone daktari.

Na Wakorea wana nini?

Wana taekkyeon, sanaa yao ya jadi ya mapigano, iliyoorodheshwa na UNESCO kama urithi wa utamaduni mwaka 2011 (taichi ilifuata 2020). Msingi wake ni pumbalbgi: hatua za pembetatu kwa mdundo wa tatu, magoti yakilegea na kunyooka. Hatua hizo pekee zinatosha kukutoa jasho. Mateke ya juu aachane nayo mwenye goti au nyonga bandia. Kwa aliyepita miaka 60, tunashauri taichi kwanza.

Nipumueje?

Kwa pua, kawaida. Wengi hubana pumzi wanapokumbuka mkao unaofuata, na hilo hupandisha presha. Weka fikra kwenye unyayo unaobeba uzito. Akili ikipata kazi moja hutulia.

Nina presha na ninatumia dawa.

Endelea na dawa. Baadhi yake huleta kizunguzungu unapoinuka ghafla, kwa hiyo fanyia karibu na ukuta au kiti kizito. Ukisikia maumivu ya kifua, acha mara moja na uende hospitali.

Muda gani unatosha?

Dakika 15 hadi 20 kila siku zina faida kuliko saa 2 za Jumamosi.