AC kuachwa usiku kucha ati "inaokoa stima"

Hii nimeisikia tena juzi kwa ofisi moja ya kukodi hapa Moi Avenue, keateka amwambia mpangaji usizime AC jioni, kuwasha upya asubuhi ndo kunakula tokeni. Jamani, sivyo. Ule mshtuko wa stima wakati wa kuwasha upo kweli, taa zafifia kidogo unauona kwa macho, lakini ni chini ya sekunde na mita yahesabu nguvu ya stima mara muda, kwa hivo hapo hakuna kitu. Kinachokula ni joto linaloingia. Mombasa hata saa nane usiku nje bado kuna fukuto, na chumba kikizidi kuwa baridi kuliko nje joto lazidi kuvutwa ndani kupitia kuta na vioo, sasa kompresa, ile pampu ya AC, yafanya kazi ya kulitoa usiku mzima na hakuna mtu.

Piga hesabu: AC inayovuta kilowati 1.5, kompresa ikifanya kazi nusu ya masaa 12, ni yuniti 9. Asubuhi ukiwasha, hata ikivuta saa nzima bila kupumzika, ni 1.5.

Chumba cha seva au stoo ya dawa ni mambo mengine, hizo usiziguse.