Mafuriko yakishapita, hasara huanza kuhesabiwa upya

Dhana: Maafa hayachagui tajiri wala maskini.

Mvua kweli haichagui. Hasara inachagua. Mto Kiwira ukifurika Kyela, mkoani Mbeya, mwenye nyumba ya tofali za kuchoma na duka mjini anapoteza sehemu ya alichonacho. Jirani yake wa nyumba ya tofali mbichi na ekari moja ya mpunga anapoteza makazi, chakula na ada ya watoto kwa usiku mmoja. Kwenye taarifa za shilingi hasara yake huonekana ndogo, kumbe ndiyo mali yake yote.

Dhana: Maji yakikauka, maisha yanarudi kama zamani.

Hii ndiyo inayotuumiza zaidi, kwa sababu inatufanya tugeuze macho mapema mno. Baada ya mafuriko au ukame, kaya inauza mbuzi, kisha ng'ombe wa kulimia. Wiki hiyo hiyo majirani nao wanauza, kwa hiyo bei inaporomoka. Wengine wanauza mpunga ungali shambani, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Msimu ukifika, asiye na ng'ombe anasubiri wenzake wamalize ndipo akodi wa kwao. Anapanda kwa kuchelewa na anavuna kidogo. Mkakao uliong'olewa na maji ukipandwa upya, mche unachukua miaka mitatu hadi mitano kuzaa. Na mtoto mchanga aliyepunguziwa mlo mwaka huo anaweza kudumaa, hata mwaka unaofuata ghala likijaa. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2016 kuwa maafa ya asili huwasukuma watu wapatao milioni 26 kwenye umaskini kila mwaka duniani. Ukiuona mnyororo huu, idadi hiyo haishangazi.

Dhana: Ukame ni wa Dodoma na Singida, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna mvua.

Rungwe mkoani Mbeya, sawa. Lakini nenda Ismani au Pawaga, kwenye nyanda hizo hizo mkoani Iringa, ukawaulize wakulima. Na mvua ikizidi huku milimani, viazi mviringo hushikwa na ukungu, dawa inamaliza mtaji, na barabara ikikatika mzigo unaozea shambani.

Dhana: Unga na blanketi vinatosha.

Siku za kwanza vinaokoa maisha, na anayevitoa anastahili shukrani. Havirudishi ng'ombe aliyeuzwa. Fedha taslimu na mbegu vinatakiwa viifikie kaya kabla haijauza. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, tayari ina orodha ya kaya maskini na njia ya kuzilipa. Naona ni haki njia hiyo ipanuliwe haraka kwa waliopigwa na maafa, hata kama jana hawakuwa kwenye orodha. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa nazo zinamfaa mkulima mwenye pa kuhamishia magunia. Kwa vijiji vya bondeni Kyela, ghala la pamoja lililojengwa mwinuko ni sehemu ya tahadhari hiyo.