Mama-se, mama-sa si Kiswahili cha Michael Jackson

Kila unapopigwa Wanna Be Startin' Somethin', wimbo wa Michael Jackson unaofungua albamu ya Thriller ya 1982, hakosi mtu wa kusema kwamba yale maneno ya mwishoni, "mama-se, mama-sa, ma-makossa", ni Kiswahili. Si Kiswahili, na wala hayakuanzia kwake.

Yanatoka kwa Manu Dibango, mpiga saksafoni wa Kameruni, aliyekuwa akilichezea ulimini jina la makossa, muziki wa dansi wa mji wa Douala, Kameruni. Kiduala, lugha ya huko, ni ya Kibantu, ndiyo maana masikio yetu yanadanganyika kirahisi.

Mwaka 1972 Kameruni iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na Dibango akaombwa atunge wimbo wa mashindano. Wimbo huo ulikaa upande wa kwanza wa santuri. Soul Makossa, wimbo wenye maneno yale, ukawekwa upande wa pili, wa kujazia tu. Timu ya nyumbani ilitolewa nusu fainali na Kongo-Brazzaville, na wimbo wa mpira ukasahaulika.

Huko New York, DJ David Mancuso aliipata santuri hiyo katika duka la Brooklyn akaanza kuupiga ule upande wa pili kwenye karamu zake za The Loft. Redio zikaudaka, nakala zikaadimika, bendi nyingine zikakimbilia kuurekodi upya. Mwaka 1973 ukafika nafasi ya 35 kwenye chati ya Billboard ya Marekani, wakati disko bado changa kabisa.

Dibango alimdai Jackson haki yake, wakamalizana nje ya mahakama.