Je, wajua kwa nini seva nzuri ya gemu (kompyuta inayoiendesha mtandaoni) ni ile inayosahau?

Pale kijiweni Kirumba, Mwanza, drafti inachezwa kwa vizibo vya soda, mvua ikishuka ghafla mtu anabeba ubao mbiombio, vizibo vinamwagika, gemu imekufa. Sasa drafti hiyohiyo iwe ya mtandaoni, wewe upo Kirumba mwenzako yupo Nansio kule Ukerewe, seva inazima katikati na baada ya muda mfupi kete ziko palepale. Inakuwaje?

Ile seva haikuwa imeshika ubao. Ni kama wakala wa pesa za simu, unaweka hela Igoma unaenda kutoa Nyegezi, wakala wa Nyegezi hajawahi kukuona ila hela anakupa kwa sababu salio halikai kibandani kwake. Ubao nao unakaa hifadhi ya pamoja, wengi wanatumia programu ya Redis, iliyotoka 2009, inaweka data kwenye RAM, yaani memori ya haraka ya kompyuta, ndo maana ina spidi, na seva yoyote inasoma ubao, inakagua zamu, inaandika, inasahau. Jioni watu wakijaa unaongeza seva tu. (Hifadhi yenyewe iwekee nakala, maana ikifa hiyo mmekwisha wote.)

Ugumu ni kwamba seva inatakiwa ikuambie yenyewe mwenzako akisogeza kete, bila simu yako kuuliza kila mara. Hapo inatumika WebSocket, iliyopitishwa rasmi 2011, laini inayobaki wazi pande zote mbili, na laini hiyo lazima iishie kwenye seva moja. Wewe uko seva ya kwanza, mwenzako ya tatu! Basi Redis inakuwa spika: ya kwanza inatangaza kwenye chaneli ya gemu yenu, ya tatu inasikia inamrushia. Seva ikifa, simu inajiunga kwenye nyingine na namba ya gemu, inapewa ubao ulivyo.

Na jamani, kila hatua ipeni namba. Intaneti ikisuasua simu inatuma hatua ya 14 mara mbili kupitia seva mbili, zote zinasoma ubao kabla hakuna iliyoandika, moja ikichelewa kuandika inafuta jibu la mwenzako, na huo ni wizi. Redis inatekeleza amri moja baada ya nyingine, kwa hiyo kukagua namba na kuandika viwe skripti moja, yaani amri zilizofungwa pamoja zinazotekelezwa kama moja, hatua ya 14 ikija mara ya pili itakataliwa.

Gemu ya risasi inayobadilika mara 60 kwa sekunde usiijenge hivi, kwenda na kurudi hifadhini kutakula muda wote, hiyo acha seva moja iishike kwenye memori yake. Drafti, bao, karata, huku ndo kwake.