Makala kupitiwa na wataalamu si kuthibitishwa

Kwenye warsha za vyuo hapa Kampala, na hata redioni, mara nyingi utasikia kwamba matokeo fulani ya hisabati "yamethibitishwa" kwa kuwa makala yake ilipitiwa na wataalamu. Hayo ni mambo mawili.

Kupitiwa ni hivi: unapeleka makala kwenye jarida, mhariri anawatafuta watu wachache wa fani hiyohiyo, wanaisoma na kuandika maoni, kisha yeye anaamua ikubaliwe, irekebishwe au ikataliwe. Kwa kawaida wapitiaji hawalipwi. Katika hisabati kungoja mwaka mzima si ajabu.

Ila mpitiaji habebi jukumu la mwandishi. Mwaka 1998 mwanahisabati Thomas Hales alitangaza kwamba amethibitisha kauli ya mwanaanga Kepler ya mwaka 1611: hakuna namna ya kupanga mipira ya ukubwa mmoja inayojaza nafasi kuliko ile ya wauza machungwa wa soko la Nakasero. Wapitiaji 12 waliishughulikia kazi hiyo kwa miaka kadhaa, wakasema wana uhakika wa asilimia 99, kwani mahesabu yote ya kompyuta hawakuweza kuyakagua. Ilichapishwa mwaka 2005 katika Annals of Mathematics, jarida lenye heshima kubwa. Hales mwenyewe hakuridhika. Aliongoza kazi ya kuhakiki kila hatua kwa kompyuta, ikakamilika mwaka 2014. Mwanahisabati Mrusi Grigori Perelman naye aliweka kazi yake ya kuthibitisha kauli ya Poincaré kwenye arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala zisizopitiwa, mwaka 2002 na 2003, hakuipeleka kwenye jarida lolote, na ilikuwa sahihi.

Kwenye hisabati tumizi tofauti hii ina uzito zaidi. Mtu akiunda modeli ya malaria, yaani milinganyo inayoeleza jinsi ugonjwa unavyoenea, mpitiaji atakagua milinganyo, ataangalia kama idadi ya wagonjwa haiwezi kushuka chini ya sifuri, na kama hoja za uthabiti, yaani za kuonyesha kama hali ya ugonjwa hutulia au la, zimekamilika. Yote yakiwa sawa, bado hatujui kama modeli inafaa Apac, kwenye mbu tele, au Kabale kwenye milima na baridi. Hilo linahitaji takwimu za vituo vya afya vya huko.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandika taarifa za vyuo, semeni makala "imepitiwa na kuchapishwa", na jarida mlitaje. Kabla ya kuandika "imethibitishwa", mwombeni mwandishi awaonyeshe ni kipi hasa alichothibitisha.