Je, Wajua? Papa Hakukiua Kipindi cha Happy Days

Wapenzi wa vipindi vya televisheni vya Marekani wana msemo wao kwa kipindi kilichoanza kuwachosha: husema "kimeruka papa". Maana yake, kimeishiwa, kikazua kituko kisicho na kichwa wala miguu ili watazamaji wasiondoke, na tangu siku hiyo ni mteremko tu.

Msemo huu umetoka kwenye Happy Days, kichekesho cha televisheni ya ABC kuhusu familia ya Cunningham wa Milwaukee katika miaka ya 1950. Katika sehemu iliyoonyeshwa tarehe 20 Septemba 1977, Fonzie, fundi magari anayependwa na mji mzima, anavutwa na boti akiwa juu ya mbao za kuteleza majini, amevaa kaptura na koti lake la ngozi, kisha anamruka papa aliyefungiwa ndani ya uzio baharini. Henry Winkler, aliyemwigiza Fonzie, aliteleza mwenyewe kwa sababu mchezo huo aliujua tangu ujanani. Mruko ulifanywa na mtu mwingine.

Mimi ni mpenzi wa kipindi hiki kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi hiyo hiyo niliamini kwamba kilikufa muda mfupi baada ya papa. Niliwaeleza hivyo hata watu waliokuwa hawajakiona, nikawashauri waishie msimu wa 4. Nilikuwa nimekosea, tena si kidogo.

Hesabu ni rahisi. Happy Days kilianza Januari 1974 na kumalizika 1984, misimu 11, sehemu 255. Papa yumo katika sehemu ya 91, kwa hiyo karibu theluthi mbili ya kipindi chote ipo baada yake. Msimu wa 1976–77 kilikuwa namba moja kwa watazamaji nchini Marekani. Msimu wa papa kilishuka hadi namba mbili, lakini kilichokipita ni Laverne & Shirley, kipindi kilichozaliwa kutoka humo humo ndani ya Happy Days. Mama alipitwa na binti yake. Na miezi michache baada ya papa, katika msimu ule ule, Robin Williams aliingia kama Mork, mgeni kutoka sayari nyingine, na kuondoka na kipindi chake mwenyewe kabla mwaka 1978 haujaisha. Kipindi kinachokata roho hakizai namna hiyo.

Hata msemo wenyewe haukutungwa na watazamaji wa 1977. Ulizaliwa mwaka 1985, kipindi kikiwa kimeshafungwa, katika mazungumzo ya Jon Hein na wenzake wa chumba kimoja Chuo Kikuu cha Michigan. Ulienea baada ya 1997, Hein alipofungua tovuti yenye jina hilo. Papa alihukumiwa bila kuwapo mahakamani. Fred Fox Jr., aliyeiandika sehemu ile, alikuja kuitetea kazi yake mwaka 2010 katika gazeti la Los Angeles Times, na nadhani alikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Ni kweli kwamba wingi wa watazamaji haupimi ubora. Mimi mwenyewe naona misimu ya baadaye ni tofauti, na mingi ni dhaifu. Ila mabadiliko hayakuletwa na papa. Yalianza miaka miwili kabla yake.

Misimu miwili ya kwanza ilipigwa kama sinema: kamera moja, hakuna watazamaji, vicheko vinapachikwa baadaye. Waliwahi kujaribu sehemu moja mbele ya watu mapema 1975, na kuanzia msimu wa 3 studio ikajaa watazamaji walioketi kwenye viti wakiwatazama waigizaji ana kwa ana.

Aliyewahi kukaa kwenye taarab ataelewa kilichofuata. Mwimbaji anaimba beti zake kwa mpangilio. Afikapo ubeti wenye kijembe, ukumbi unasimama, watu wanakwenda kutunza. Mwimbaji hawezi kuuacha ubeti huo. Anaurudia mara ya pili, mara ya tatu, maana noti zinazidi kuja. Wimbo wenyewe unasubiri. Na yule mtunzi anayetazama kutoka pembeni amepata somo: wimbo ujao atauanzia kwenye kijembe.

Fonzie alikuwa ubeti ule. Mwanzoni alikuwa mtu wa pembeni, anaingia, anasema maneno mawili matatu, anatoka. Mbele ya watazamaji, kila akifungua mlango shangwe zililipuka hata mazungumzo yakasimama. Waandishi walisikia. Msimu wa 3 ulipoanza walimhamishia chumba cha juu ya gereji ya familia ya Cunningham, ili awe karibu na kila hadithi. Na shangwe ni kama pilipili. Ulimi ukiizoea ya jana, leo lazima iongezwe.

Kumbuka pia kwamba papa hakuwa mruko wa kwanza. Mwaka 1975 Fonzie aliruka mapipa 14 ya taka kwa pikipiki, akaanguka na kuumia, na mashabiki tunaipenda sehemu ile hadi leo. Aliruka kwa sababu aliogopa kwamba umaarufu wake unapungua, na tulimwona akiogopa. Kwa papa anatua salama, na hofu ile haipo. Kwangu tofauti ndiyo hiyo, ingawa ni hukumu ya macho yangu tu.

Kwa hiyo siwezi tena kuikata Happy Days vipande viwili, kizuri na kibaya. Nguvu iliyonipa misimu ya 3 na 4, ninayoipenda kuliko yote, ndiyo iliyoleta niliyoichoka. Ron Howard, aliyekuwa Richie, kijana wa familia ya Cunningham na rafiki wa Fonzie, alipoondoka mwaka 1980, nyumba ile ilipoteza mtu wa kawaida wa kumtazama Fonzie kwa mshangao, na Fonzie bila Richie ni kijembe bila wimbo. Nywele za Joanie, dada mdogo wa Richie, na za mpenzi wake Chachi zikawa za miaka ya 1980 katika hadithi ya enzi nyingine, na hilo hunikera kila mara. Lakini Fonzie yule yule, mwishoni kabisa, anamchukua mtoto Danny kuwa mwanawe, na Winkler anaicheza kwa utulivu ambao studio yenye kelele isingeuruhusu miaka sita kabla.

Katika sehemu hiyo ya kuaga, Bwana Cunningham anasimama kwenye harusi ya Joanie na kushukuru kwa watoto wake wawili. Walikuwa watatu. Chuck, kaka mkubwa, aliyezoea kupita na mpira wa kikapu mkononi, alitoweka baada ya msimu wa 2 bila neno moja la maelezo. Richie alikuwa ameshapata kaka mwingine, mwenye koti la ngozi, na Chuck hakuna aliyewahi kumpigia makofi.