Kaboni amilifu: kwa nini mkaa wa jikoni hautoshi

Kaboni amilifu ni mkaa uliozibuliwa vitundu. Mkaa wa kawaida pia una vitundu, lakini vingi vimezibwa na lami iliyobaki wakati kuni zilipokuwa zikiungua. Ukiurudisha motoni mara ya pili kwa joto kali, bila kuuachia hewa, ile lami hutoka na vitundu vipya huchimbika ndani kwa ndani. Vilivyo vidogo kabisa havifiki upana wa nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Ndiyo maana gramu moja, ambayo haijazi hata kijiko cha chai, huwa na kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba 500 hadi 1,500.

Wengi husema mkaa huu "unafyonza" uchafu. Neno hilo linapotosha. Sifongo hufyonza, kaboni amilifu hunasa. Chembe za rangi, harufu au dawa ya shambani hugandama kwenye kuta zake kama chaza wanavyogandama mizizi ya mkoko. Nafasi zikijaa, hakuna kinachonaswa tena.

Malighafi haiko mbali. Mvinje ukivunwa mashamba ya Malindi na Magarini, pwani ya Kenya, nguzo huuzwa, lakini matawi, ncha na magome hubaki kuoza au kuchomwa bure. Karakana za wachongaji na za mafundi wa milango kule Lamu nazo hutoa maranda na unga wa mbao kila siku. Vifuu vya nazi hutoa kaboni ngumu yenye vitundu vyembamba, inayofaa sana kwa harufu na klorini; miti myepesi hutoa yenye vitundu vipana zaidi, nzuri kwa kuondoa rangi. Tunasema mabaki, na tunamaanisha mabaki. Mkoko uliosimama usiguswe kwa ajili ya kazi hii.

Usitumie mbao zilizopakwa rangi, wala nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa yenye shaba, kromu na arseniki, kwa sababu sumu hiyo hubaki kwenye mkaa. Mbao zilizolowa maji ya bahari pia ziache: chumvi huongeza majivu na hula chuma cha tanuri.

Anza kwa kukausha mabaki hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 15, kisha yachome katika tanuri lililofungwa, kwa nyuzi 400 hadi 600 za Selsiasi. Kilo 100 za kuni kavu hutoa takriban kilo 25 hadi 30 za mkaa. Uponde, uuchekeche upate punje za milimita 1 hadi 2, halafu uutie kwenye chombo cha chuma kilichozibwa na upitishe mvuke wa maji kwa nyuzi 800 hadi 950. Mvuke hula kaboni na kutoa hidrojeni na kaboni monoksidi. Hapo ndipo vitundu vinapochimbika, na hapo ndipo uzito unapopotea: karibu nusu ya mkaa huondoka, ukabaki na kilo 12 hadi 15 hivi.

Njia nyingine ni asidi ya fosforasi. Unga wa mbao huloweshwa ndani yake, kisha huchomwa kwa nyuzi 400 hadi 600 tu. Joto ni dogo, ila asidi lazima ioshwe mpaka maji yatoke bila uchachu, na maji hayo hayamwagwi ovyo.

Makosa mengi hutokea kwenye joto. Chini ya nyuzi 700 mvuke haufanyi kitu cha maana. Unamaliza kuni na kubaki na mkaa uleule. Ukizidisha muda, kuta za vitundu huporomoka na punje huwa vumbi. Pipa la kawaida likikaa kwenye joto hilo hubanduka magamba na kutoboka upesi, hewa huingia, na ulichotarajia kiwe kaboni kinageuka majivu. Usifungue chombo kabla hakijapoa kabisa, maana mkaa wa moto ukikutana na hewa huwaka. Zile gesi za hidrojeni na kaboni monoksidi nazo huua na hulipuka, kwa hiyo kazi hii haifanywi ndani ya nyumba.

Kujaribu ni rahisi. Tia rangi ya chakula kwenye mililita 100 za maji, ongeza gramu 1 ya unga wa kaboni, koroga nusu saa, chuja. Fanya vivyo hivyo kwa mkaa wa jikoni, kisha linganisha glasi mbili. Punje kavu zilizoiva vizuri, ukizimwagia maji, hutoa sauti ya kuchachatika na viputo vidogo: ni hewa inayotoka vitunduni.

Jambo moja lazima lieleweke pwani hii: kaboni amilifu haiondoi chumvi. Kisima kikiingiliwa na bahari, chujio la kaboni halitakisaidia. Haiui vijidudu pia. Inachofaa ni maji ya jabia, yaani birika la kuhifadhia maji, yaliyoingia rangi na harufu ya majani, au maji yanayonuka klorini. Lita 5 za kaboni zipitishe lita 30 kwa saa, ili maji yakae ndani kama dakika 10. Kwa kuwa klorini nayo huondolewa, maji yakishachujwa hayana kinga. Yachemshe au yatie dawa upya kabla ya kuyahifadhi. Harufu ikianza kurudi, kaboni imejaa: ibadilishe, na ile ya zamani isipelekwe jikoni kupikia.